Si Kila Damu ya Kifua Ni TB

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), Aliyetupa pumzi tunayoivuta usiku na mchana bila kuilipia, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Kamati ya gazeti iliponipa ukurasa huu wa Kiswahili nadhani ilitarajia niandike juu ya mitihani au juu ya ndoa, maana hizo ndizo mada zinazosomwa hadi mstari wa mwisho. Nitaandika juu ya mapafu. Mimi nasoma Elimu ya Kiislamu, sisomi udaktari, na yale ya kitabibu mtakayoyakuta humu nimeyapata kwa wenye fani; ndugu mmoja wa kitivo cha tiba aliyapitia kabla hayajafika kwa mhariri. Lakini lililonisukuma kushika kalamu ni la fani yangu mwenyewe, nalo ni hukumu tunazozitoa bila ushahidi juu ya kifua cha Mwislamu mwenzetu.

Wako miongoni mwetu waliowahi kuugua kifua kikuu. Tumetoka Arua, Mombasa, Kigoma, Bujumbura, Uvira, na sidhani kama kuna mmoja wetu asiyemjua mtu aliyepitia maradhi hayo. Walimeza dawa miezi sita, wakapimwa, wakaambiwa wamepona. Kisha baada ya mwaka au miaka kadhaa kikohozi kinarudi, na siku moja makohozi yanatoka na damu. Hapo kila mtu anageuka daktari, na neno linalosemwa ni moja tu: TB yake imerudi. Wakati mwingine ni kweli imerudi, na anayedai kwamba haiwezi kurudi anakosea. Lakini wakati mwingine TB imeondoka kitambo, na aliyekalia nyumba yake ni mwingine kabisa. Ni fangasi.

Niwaeleze inavyokuwa. Ule ukungu tunaouona kwenye mkate uliosahauliwa kabatini, kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka, kwenye majani yanayooza shambani, huzaana kwa kutoa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, nazo huelea hewani. Iko jamii moja ya ukungu ambayo wataalamu huiita aspagilasi, na hiyo iko karibu kila mahali duniani. Kila mmoja wetu anavuta mbegu zake kila siku, hata wewe unayesoma hapa sasa hivi, na mapafu yenye afya huzifagia nje bila mwenyewe kujua. Subhanallah, ni mara ngapi tumeshukuru kwa hilo? Sasa TB inapokula pafu huweza kuacha mashimo. Dawa inaua vijidudu, mtu anapona, lakini shimo linabaki pale pale, kama chumba kilichohamwa na mwenyewe. Mbegu ya ukungu ikiingia humo hakuna wa kuifagia. Inaota kwenye kuta za shimo, na pengine inajikusanya ikawa donge, na polepole inalila pafu lililobaki. Ugonjwa huu hauna haraka. Unakwenda kwa miezi na miaka, na ndiyo sababu unafanana sana na TB.

Wala msidhani nazungumza habari za mbali. Hapa hapa Uganda, Gulu, watafiti waliwapima tena watu 285 waliokuwa wamewahi kutibiwa TB, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Waliokutwa na ugonjwa huu wa fangasi ni 14, karibu mtu mmoja katika kila 20. Na kwa wale ambao eksirei ilionyesha mashimo kifuani, hesabu ilikuwa asilimia 26, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Wasiokuwa na mashimo haikufika hata asilimia moja. Kwa hiyo aliyemaliza dawa za TB ana haki ya kujua jambo moja kabla hajaondoka kliniki: je, mapafu yangu yamebaki na shimo? Ni swali dogo, na naona ni katika maswali yenye faida kubwa ambayo mtu anaweza kumuuliza daktari.

Mwaka jana nilikaa hosteli na ndugu mmoja ambaye sitamtaja jina wala nchi yake, ingawa ameniruhusu nisimulie. Alitibiwa TB akiwa Senior Five, akapona, akaingia chuo akiwa mzima. Mwaka wa pili alianza kukohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa kikali, ila hakikukoma; mwezi wa kwanza tulisema ni vumbi, wa pili tukasema ni baridi ya mvua, wa tatu hatukusema kitu. Alipungua mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto. Msikiti wetu uko juu kidogo ya hosteli, na yeye aliyezoea kuwa safu ya mbele akaanza kufika rakaa ya pili, akisimama njiani kupumzika mara mbili. Homa hakuwa nayo sana. Uchovu ndio uliomlemea, ule uchovu ambao hauishi hata ukilala saa kumi. Kisha ikaja damu kwenye leso.

Mnajua yaliyofuata, maana mmeyaona kwa wengine. Mmoja alisema amerogwa na watu wa kwao kwa sababu ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Mwingine alisema kwa sauti ya chini kwamba ana virusi. Wa tatu, mtu wa dini kabisa, alisema bila shaka anavuta sigara kwa siri na Allah amemfedhehesha. Zahanati moja aliyokwenda ilimsikiliza dakika tano, ikasikia kwamba aliwahi kuwa na TB, ikamwanzishia dawa za TB upya bila kupima makohozi. Alizimeza kwa uaminifu miezi minne. Mkojo wake ulikuwa mwekundu kwa dawa, na kikohozi kilikuwa kile kile.

Hapa ndipo nilipokumbuka darsa la usuli al-fiqhi, na natumaini masheikh wangu watanisamehe kwa kulitumia nje ya mahali pake. Tunafundishwa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu aliyetawadha kwa yakini, kisha akaingiwa na shaka kama udhu umetenguka, anabaki na udhu wake. Na tunafundishwa istis'habu, kulichukulia jambo kuwa liko vile vile lilivyokuwa mpaka ithibiti kwamba limebadilika. Watu wengi wanapomtazama mtu aliyewahi kuugua TB wanafanya istis'habu ya ugonjwa: alikuwa nayo, basi bado anayo. Lakini angalieni vizuri. Mtu huyu alimaliza dawa, makohozi yake yakapimwa, hayakukutwa na kitu. Yakini ya mwisho tuliyonayo juu yake ni kupona. TB ya pili ndiyo shaka, na shaka hiyo inahitaji dalili ya kuithibitisha, nayo ni kipimo. Anayemrudishia ugonjwa kwa kukisia ameiondoa yakini kwa shaka, na ameigeuza kanuni juu chini.

Zaidi ya hayo, Allah (s.w.t.) katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na elimu nayo, na akatuonya kwamba masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Tumezoea kuisoma aya hiyo tunapokemea uvumi. Mimi naona inamhusu pia anayesema "huyo ana TB" au "huyo amerogwa", maana maneno hayo yanamfanya mwenzake ale peke yake, alale peke yake na ameze dawa isiyo yake.

Sasa dalili zenyewe, na naomba mzisome polepole. La kwanza la kutazama ni muda. Kikohozi cha mafua kinakuja na kuondoka. Kikohozi cha fangasi aliyekaa kwenye shimo la pafu kinapita miezi mitatu na bado kipo. Pamoja nacho mtu hupungua mwili bila kujinyima chakula, huchoka kupita kiasi, hukatwa pumzi kwenye ngazi au mlima ambao zamani aliupanda akizungumza, na wengine huhisi maumivu au uzito upande mmoja wa kifua. Homa na jasho la usiku huweza kuwapo, lakini mara nyingi si kama vinavyokuwa kwenye TB. Halafu damu. Inaweza kuwa mistari myembamba kwenye makohozi, ikaja wiki hii ikapotea mwezi mzima, mwenyewe akajiambia imekwisha. Inaweza pia kuja nyingi kwa mara moja. Ndugu yangu, dada yangu, damu ikitoka ya kujaza kikombe, au ikitoka bila kukoma, hilo si jambo la kungoja asubuhi wala kungoja mtihani umalizike. Amsha mwenzako, tafuteni gari, nendeni hospitali kubwa usiku huo huo. Mtu huweza kufa kwa damu hiyo.

Mtaona kwamba dalili hizi karibu zote ni za TB pia. Ndivyo ilivyo, na hakuna mtu, hata awe na ucha Mungu kiasi gani, anayeweza kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa usoni. Kinachotenganisha ni vipimo. Makohozi yapimwe kwanza, kwa mashine ya GeneXpert au kwa kuoteshwa maabara, ili TB ithibiti au iondoke. Na hapa ipo nukta ambayo hata mimi ilinishangaza: mashine hiyo hutafuta chembe za urithi za kijidudu cha TB, na kwa mtu aliyetibiwa karibuni huweza kuziona chembe za vijidudu vilivyokwisha kufa. Kwa hiyo hata jibu la "ipo" kwa mtu wa namna hiyo linahitaji daktari anayejua kulisoma. Kisha ipigwe eksirei ya kifua na ilinganishwe na ile ya zamani, kama aliitunza. (Tunzeni eksirei zenu. Wengi wetu tunazitumia kuzibia dirisha.) Shimo lililokuwa tupu na sasa lina donge ndani, au kuta zake zimekuwa nene, linazungumza. Mwisho kipo kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za mwili dhidi ya aspagilasi. Hicho hakipatikani kila mahali, na mara nyingi sampuli hulazimika kusafirishwa mjini mkubwa, lakini kuulizia si kosa. Mwambie daktari kwa adabu: "Daktari, niliwahi kutibiwa TB nikapona, makohozi yangu sasa hayana TB, je, inawezekana ikawa fangasi?" Hakuna daktari mwenye insafu atakayekasirika kwa swali hilo.

Ndugu yetu wa hosteli alipofika hospitali ya rufaa alipimwa makohozi mara mbili, hayakuwa na kitu. Eksirei ikaonyesha shimo juu ya pafu la kulia, na ndani yake donge. Damu ikapelekwa Kampala, jibu likarudi baada ya siku nyingi. Akasimamishiwa dawa za TB na akaanzishiwa itrakonazoli, dawa ya fangasi, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa angalau miezi sita na kwa wengine zaidi. Hakupona kwa wiki moja. Mwezi wa tatu alipanda msikitini akasimama njiani mara moja tu. Leo naandika haya bado anaimeza, na kile kitundu cha msumari hakitumii tena.

Faida mbili juu ya dawa hiyo, kwa sababu wengi huharibikiwa hapo. Rifampisini, ambayo ni nguzo ya dawa za TB, hulifanya ini liivunje itrakonazoli haraka mno, hata isibaki ya kutosha mwilini. Kwa hiyo haifai mtu kujichanganyia mwenyewe akidhani anapiga maradhi mawili kwa jiwe moja. Daktari ndiye mwenye kupanga. La pili, vidonge vyake vya kapsuli humezwa pamoja na chakula na huhitaji tindikali ya tumbo, na dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli huipunguza nguvu. Wanafunzi tunakunywa dawa za tumbo kama pipi. Mwambie anayekuandikia kila unachomeza, ikiwemo mitishamba.

Najua yupo atakayesema: na Qur'ani je? Na habasoda? Na asali? Sisemi neno dhidi ya ruqya, wala dhidi ya habasoda iliyokuja katika hadithi sahihi. Ninachokataa ni kuzifanya kizuizi cha hospitali. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, Mtume (s.a.w.) akaenda kumzuru, akauweka mkono wake mtukufu kifuani pake mpaka Saad akahisi ubaridi wake moyoni. Kisha akamwelekeza aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa ni mtu anayetibu. Wanazuoni wameizungumzia sanadi ya hadithi hii, na simfichi msomaji hilo. Lakini maana yake inakubaliana na hadithi nyingine nyingi zinazoamrisha kujitibu. Fikirini: mkono wa nani uliwekwa juu ya kifua kile? Na bado mgonjwa akatumwa kwa tabibu. Mimi na wewe ambao mikono yetu haina baraka ile, tunapata wapi ujasiri wa kumwambia mtu anayetema damu kwamba maji ya zamzam yanamtosha?

Na ipo hadithi nyingine ambayo naiogopa kila niisomapo. Ameipokea Jabir (r.a.): walikuwa safarini, mtu mmoja akapasuliwa kichwa na jiwe, kisha usiku akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa hali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alighadhibika kwa maneno mazito, akasema kwamba wao ndio waliomuua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwa kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Waliofanya vile hawakuwa waovu, walikuwa watu wa ibada walio safarini, na kosa lao lilikuwa kujibu wasilolijua. Ninapomsikia mtu kwenye korido ya hosteli akimwambia mwenzake aache dawa, au akimwambia bila kipimo kwamba hiyo ni TB tu, meza, naikumbuka ile maiti iliyooga. Na kwa wale wanaouza dawa dirishani au kutibu bila kusomea, Mtume (s.a.w.) ameeleza, katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha.

Nisionekane nasema fangasi ya mapafu ni ya waliougua TB peke yao. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2022 orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, liliweka juu kabisa aspagilasi na kriptokokasi, huyu wa pili akiwaandama zaidi watu ambao virusi vya ukimwi vimedhoofisha kinga yao. Huanzia mapafuni na kupanda hadi ubongoni, na maumivu ya kichwa yasiyokwisha ndiyo kengele yake. Yupo mwingine, nyumosistisi, anayemletea mtu wa aina hiyo kikohozi kikavu, homa na pumzi inayokatika kwa hatua chache tu. Huyo hutibiwa kwa dawa ile ile ya Septrin tunayoijua, kwa kipimo kikubwa. Mwenye virusi akiona dalili hizo asijifiche chumbani kwa aibu. Aibu katika jambo hili imezika vijana, na stara ya Mwislamu ni haki yake juu yetu, si sababu ya yeye kufa kimya.

Kisha wale wa baiolojia na jiografia, ninyi mnaopenda ziara. Mwaka 2011 wanafunzi wa baiolojia kutoka nje walikuja kwenye msitu wa mvua hapa Uganda, wakaingia ndani ya shina la mti mkubwa lenye uwazi, ambamo popo walikuwa wamekaa. Watu 13 waliugua histoplasmosisi, fangasi inayoishi kwenye udongo wenye kinyesi cha popo au ndege. Hawa walikuwa vijana wazima wasio na TB wala maradhi mengine. Homa, kikohozi kikavu, maumivu ya kifua na uchovu huanza siku kadhaa mpaka wiki mbili tatu baada ya kuvuta vumbi hilo, na eksirei yake huweza kufanana na TB iliyosambaa. Kwa hiyo aliyeingia pango la popo, kule Elgon au kwingineko, kisha akapata homa yenye kikohozi, amwambie daktari habari ya pango. Daktari hawezi kuotea.

Narudi kwa leso ya damu, kwa sababu ndiyo iliyomtoa ndugu yetu msikitini kwa majuma. Alikuwa kila akikohoa damu anatoka safuni kwenda kutawadha upya, mpaka akaona haya, akaacha kuja. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, damu inayotoka kinywani haitengui udhu. Ni najisi, asiimeze makusudi, asuuze kinywa chake. Na ile kidogo ya mwili wake mwenyewe inasamehewa. Wanaofuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa wana hukumu nyingine katika damu inayotiririka, na wawaulize masheikh wao. Ama kuswali chumbani kwa ajili ya ugonjwa, hiyo ni udhuru unaojulikana, na mwenye udhuru asiandamwe kwa maneno.

Ramadhani nayo inakuja, na swali hili nimeshaulizwa mara mbili. Mgonjwa ana ruhusa ya kula kwa nassi ya Qur'ani, alipe siku nyingine. Itrakonazoli ikiwa ni mara mbili kwa siku, wapo ambao daktari huwaruhusu kuimeza pamoja na futari na daku, na kwao saumu inawezekana. Lakini anayetema damu, au aliyedhoofika, akaambiwa na daktari mwaminifu kwamba kufunga kutamdhuru, basi kula kwake ndiyo ibada yake mwezi huo. Asifunge kwa kuona haya mbele ya wenzake wa chumba.

Na jambo la mwisho ni letu sisi wazima. Fangasi ya aspagilasi haimwambukizi mtu kutoka kwa mtu. Hamtaipata kwa kula naye sahani moja, wala kwa kuswali bega kwa bega, wala kwa kulala chumba kimoja. TB huambukiza, na maadamu haijapimwa ikaondolewa, fungueni madirisha na mgonjwa afunike kinywa anapokohoa. Lakini kipimo kikishasema, mkeka wake urudishwe karibu na mikeka yenu. Ndugu wa kitengo cha huduma cha jumuiya yetu wamekubali kumsindikiza hospitali yeyote anayekohoa zaidi ya wiki mbili, kaka na kaka, dada na dada, na nauli kwa asiyenayo. Majina hayataandikwa popote. Wanapatikana nyuma ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, upande wa maktaba.

Allah awaponye wagonjwa wetu ponyo lisiloacha maradhi nyuma yake, awape subira wale ambao dawa zao ni za muda mrefu, na awarehemu waliotutangulia kwa ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kuwatajia jina lake. Amin.

Wabillahi tawfiq.